Ndege wa Shambani: Mwizi au Mlinzi?

Alfajiri ya Ruhwa huanza kwa kelele. Jua halijachomoza bado juu ya vilima, na tayari madebe yanagongwa, mabati yanapigwa kwa fimbo na sauti za watu zinaitana kutoka jaruba moja la mpunga hadi jingine. Ni majira ya kuamia. Mpunga umechanua, punje zake zimejaa maziwa, na wageni wenye mabawa wamekwisha kuwasili kabla ya mwenye shamba kunawa uso.

Ruhwa ni mahali padogo penye jina linalojulikana na wasafiri wengi. Ni mpaka wa Rwanda na Burundi katika Wilaya ya Rusizi, pande ambazo hapo zamani ziliitwa Cyangugu. Mto wenye jina hilohilo huteremka kutoka milimani na kumwaga maji yake katika Mto Rusizi, mahali ambapo nchi tatu, yaani Rwanda, Burundi na Kongo, hukutana. Hapo ndipo penye ardhi ya chini kuliko zote katika Rwanda, kiasi cha meta 950 juu ya usawa wa bahari. Nchi inayosifika kwa milima na baridi ina joto lake huku, katika uwanda wa Bugarama, na joto hilo pamoja na maji ndivyo vinavyoustawisha mpunga. Ukiinua macho utaona vilima, na katika vilima vya wilaya hiyo, hasa kuelekea Ziwa Kivu, kuna mibuni. Ukizidi kwenda mashariki unaufikia msitu mkubwa wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Basi mkulima wa huko ana mazao mawili ya kumpatia fedha, mpunga bondeni na kahawa kilimani, na juu ya mazao yote mawili wanaruka ndege. Swali lake ni la zamani kama jembe lenyewe: je, ndege huyu ni mwizi au ni mlinzi?

KISA CHA NDEGE WANNE

Hebu na tusikilize kisa cha nyumba moja, kisa ambacho kingeweza kutokea katika nyumba yoyote ya bonde lile.

Kijana wa miaka kumi na mmoja alirudi nyumbani mchana na manati shingoni. Mkononi alikuwa na kamba, na katika kamba hiyo walining'inia ndege wanne. Watatu walikuwa minana, wale ndege wa manjano wanaofuma viota vyao kama vikapu. Wa nne alikuwa mweusi na mweupe, mwembamba, mwenye mkia mrefu. Kijana aliwatupa mbele ya bibi yake kwa majivuno ya mtu aliyerudi vitani.

"Bibi, tazama. Wezi wa baba hawa, nimewakomesha."

Bibi aliwatazama kimya. Alipomfikia wa nne, alimnyanyua kwa vidole viwili na kumweka juu ya jani la mgomba.

"Mjukuu wangu," alisema, "huyu unamjua jina?"

"Ni inyamanza, Bibi."

"Na sisi ni watu wa ukoo gani?"

Kijana aliinamisha kichwa. Katika Rwanda kila ukoo una mnyama au ndege wake wa heshima. Wanyiginya wana korongo mwenye taji, Wasinga wana mwewe, na Wagesera wana inyamanza, ndege yule mdogo atikisaye mkia, anayependa kutembea uani mwa watu bila woga. Mgesera hamwui inyamanza.

Bibi hakumpiga mjukuu wake. Alimwita karibu, akachukua kisu cha jikoni na kumpasua kila ndege firigisi mbele ya macho yake. Katika firigisi za minana wawili mlikuwa na uji mweupe wa mpunga mchanga. Katika ya mnana wa tatu mlikuwa na mpunga kidogo, pamoja na magamba ya mabawa ya mende wadogo wa shambani. Katika firigisi ya inyamanza hamkuwa na hata punje moja. Mlikuwa na miguu ya panzi, mabawa ya inzi na vichwa vya vijidudu visivyohesabika.

"Sasa niambie wewe mwenye manati," Bibi alisema. "Mwizi ni nani hapa?"

Jioni ile baba mtu aliporudi, shauri lilikuwa zito zaidi. Yeye alikuwa amenunua pakiti ya dawa, ambayo muuzaji alimwambia kwamba ukiichanganya na punje na kuimwaga pembeni ya jaruba, basi ndege hawataonekana tena. Mpunga wa msimu ule ndio uliokuwa ulipe bima ya afya ya mituweli ya watu wote wa nyumbani, pamoja na daftari na sare za watoto. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyechoka kuona jasho lake likirukaruka angani.

"Mama," alisema, "firigisi moja haitanilipia deni langu."

Maneno hayo ni ya haki, na hayajibiwi kwa kuwasifu ndege kwamba wanaimba vizuri. Yanajibiwa kwa hesabu.

MASHITAKA YA MKULIMA

Tuanze na mashitaka, maana hakuna haja ya kuficha. Wapo ndege ambao ni janga. Wa kwanza ni kwelea, anayesafiri kwa makundi yanayoweza kulifunika anga kama wingu. Kwelea mmoja huweza kula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Ukisikia gramu 10 utacheka, lakini kundi la ndege milioni mbili hula tani 20 kwa siku, sawa na magunia 200 ya kilo mia. Mnamo Januari 2023 makundi ya namna hiyo yaliangukia mashamba ya mpunga katika Kaunti ya Kisumu, nchini Kenya, na eka zipatazo 300 zikaharibiwa. Watu wa Kondoa, katika Tanzania, wanamjua kwelea vizuri hata wakajifunza tangu zamani kumtega kwa vikapu na kumfanya kitoweo.

Wakulima wa zabibu nao wana kilio chao. Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mkulima hulazimika kuwa macho tangu tunda linapoanza kulainika. Ndege hali kichala chote. Hudonoa tunda moja hapa na jingine pale, na kila tunda lililodonolewa huwaita nyigu, inzi na ukungu, hata kichala kizima kikaoza.

Basi mkulima hakosei anaposema kwamba ndege wamemwibia. Kosa lake huanza pale anapowahukumu wote kwa kosa la wachache. Nchini Rwanda peke yake kuna aina za ndege zipatazo 700. Wanaokula nafaka shambani ni sehemu ndogo tu ya jumla hiyo. Na hata wale walao nafaka wana siri ambayo mwenye shamba hupitwa nayo: wengi wao hawawalishi makinda yao nafaka tangu mwanzo. Kinda aliyetoka yaini anahitaji nyama ili aote mabawa upesi, na kwa sababu hiyo mzazi humletea viwavi, panzi na buibui kutwa nzima. Kwelea mwenyewe huwalisha watoto wake wadudu katika siku zao za kwanza.

USHAHIDI WA MIZABIBU

Wataalamu wa nchi mbalimbali hawakuridhika na kubahatisha. Waliamua kuuweka ubishi huu kwenye mizani, na mmojawapo wa majaribio yanayofahamika zaidi ulifanyika katika mashamba ya mizabibu ya California, nchini Marekani. Katika mashamba yale miti mikubwa yenye matundu ilikuwa imekatwa zamani ili kupata nafasi ya mizabibu. Ndege mmoja mdogo wa buluu mwenye kifua cha rangi ya kutu, ambaye hutaga ndani ya matundu ya miti, akawa hana pa kukaa.

Watafiti, miongoni mwao Julie Jedlicka, walitengeneza visanduku vya mbao vyenye tundu dogo la mviringo, wakavitundika juu ya nguzo katikati ya mizabibu. Sehemu nyingine ya shamba waliiacha bila visanduku, ili wapate kulinganisha. Haukupita muda mrefu kabla ya wapangaji kuingia. Idadi ya wale ndege wa buluu ikawa mara kumi ya ile ya sehemu isiyo na visanduku.

Kisha wakatega mtihani. Waliweka mabuu hai, yaani wale funza wa nondo walao majani, katika sehemu zote mbili, wakahesabu wangapi wataliwa. Penye visanduku mabuu walioliwa walikuwa mara 2.4 ya wale walioliwa pasipo na visanduku. Karibu kabisa na visanduku vyenye makinda, walikuwa mara 3.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Mkulima wa mizabibu alijipatia vibarua wa kuokota viwavi tangu alfajiri hadi magharibi, na mshahara wao ulikuwa kisanduku cha mbao.

Huko New Zealand nako lilifanyika jambo la kuchekesha kidogo. Mashamba ya mizabibu ya mkoa wa Marlborough yalikuwa yakishambuliwa na ndege wadogo walioletwa kutoka Ulaya. Badala ya kuwapiga risasi, watafiti waliwahamishia kozi wa kienyeji karibu na mashamba yale. Ndege wadogo walipomwona kozi juu, hamu ya zabibu iliwatoka. Kwa mujibu wa utafiti uliotolewa mwaka 2012, zabibu zilizobebwa na ndege zilipungua kwa asilimia 95 katika mashamba yenye kozi, yakilinganishwa na yale yasiyo naye. Dawa ya ndege mwizi ilikuwa ndege mwingine.

USHAHIDI WA KILIMANJARO

Lakini msomaji anaweza kuuliza: California na New Zealand zina uhusiano gani na mkulima wa Ruhwa asiye na mzabibu hata mmoja? Swali zuri. Tumlete basi shahidi wa karibu, naye ni kahawa ya Mlima Kilimanjaro.

Katika miteremko ya mlima ule Wachaga hupanda kahawa chini ya migomba na miti mikubwa katika mashamba ya nyumbani yaitwayo vihamba. Pembeni yake yako mashamba makubwa ya kahawa, mengine yenye kivuli kidogo na mengine yenye jua tupu. Alice Classen na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Würzburg cha Ujerumani, walichagua mashamba 12 ya aina hizo zote. Mibuni mingine waliifunika kwa nyavu ambazo ndege na popo hawakuweza kupenya, na mingine wakaiacha wazi. Vilevile walizuia nyuki wasifikie baadhi ya maua.

Majibu yalitoka mwaka 2014. Mibuni ambayo ndege na popo waliweza kuifikia ilishika matunda zaidi kwa asilimia 9 kuliko ile iliyofunikwa. Na pale nyuki walipozuru maua, uzito wa matunda uliongezeka kwa asilimia 7. Yaani mmoja huongeza idadi na mwingine huongeza uzito, na kazi ya huyu haiwezi kufanywa na yule. Ndege alipozuiwa, wadudu walipata nafasi ya kuutafuna mbuni, na mbuni uliotafunwa hauwezi kulea matunda yake yote.

Asilimia 9 si utajiri wa ghafla. Hata hivyo, mkulima apime kwa hesabu yake mwenyewe: kwa kila matunda 100 ambayo angepata bila ndege, anapata 9 ya ziada. Hayo 9 hayakununuliwa mbolea, hayakukodiwa kibarua, wala hayakuombewa mkopo. Na huyo popo anayetupiwa mawe kwa kudhaniwa mchawi naye yumo katika hesabu hiyo, akifanya zamu ya usiku.

Yuko pia yule mdudu mdogo kuliko wote na mwenye hasara kuliko wengi, aitwaye ruhuka. Huyu ni kijimende cheusi kisichozidi milimita mbili, ambacho asili yake ni Afrika hii hii na sasa kimeenea karibu kila nchi yenye mibuni. Jike hutoboa tunda la kahawa na kutaga mayai ndani ya punje yenyewe. Huko ndani dawa ya kunyunyiza haimpati kwa urahisi. Lakini hapana budi siku moja majike wachanga watoke kutafuta tunda jipya, na hapo ndipo ndege wadogo huwadaka. Katika Costa Rica watafiti walichunguza hata kinyesi cha ndege ili kuthibitisha ni nani hasa amlaye ruhuka. Mwaka 2013 walitangaza kwamba ndege walipunguza mashambulizi ya mdudu huyo kwa karibu nusu, na kwamba faida yake ilikuwa baina ya dola 75 na 310 za Marekani kwa hekta moja kwa mwaka. Kadiri shamba lilivyokuwa na vichaka na vipande vya msitu karibu yake, ndivyo ulinzi ulivyokuwa imara.

Ni lazima vilevile kuonyana. Ndege si daktari wa kila ugonjwa. Kutu ya majani na chulebuni ni magonjwa ya ukungu, na hakuna ndege anayekula ukungu. Kupogolea mibuni, kuokota buni zilizoanguka, kuchagua mbegu zinazohimili maradhi, yote hayo yanabaki palepale. Ndege ni msaidizi wa mkulima, na msaidizi hawezi kufanya kazi katika shamba ambalo mwenyewe amelala.

PAKITI YA SUMU

Sasa turudi kwenye ile pakiti ya baba. Hapa jambo linatoka shambani na kuingia jikoni.

Katika bonde la Bunyala, upande wa magharibi wa Kenya, ambako pia hulimwa mpunga, kulizuka biashara ya hatari. Watu walichukua sumu ya karbofurani, iliyouzwa madukani kwa jina la Furadan kama dawa ya wadudu wa mimea, wakaichanganya na punje na kuijaza ndani ya konokono. Korongo walao konokono walikufa, na njiwa na bata maji wakafa pia. Kisha ndege hao waliookotwa wakiwa maiti walipelekwa sokoni na kuuzwa kama kitoweo. Mtafiti wa ndege Martin Odino amekuwa akiyafichua mambo hayo tangu mwaka 2009. Mwaka huohuo kampuni iliyoitengeneza sumu hiyo iliiondoa katika soko la Kenya, baada ya kelele nyingi kuhusu simba na wanyama wengine waliouawa kwayo.

Karbofurani hushambulia mishipa ya fahamu. Chembe yake moja inatosha kumuua ndege. Mwanadamu akiipata kwa wingi hutokwa na jasho na udenda, tumbo humkata, macho humpungua nuru, misuli hutetemeka, na pumzi humwishia. Sumu haiulizi kama uliyeila ulikuwa mnana au mtoto. Kuku wa jirani hudonoa punje zilezile. Mbwa humla ndege aliyeanguka. Mvua hunyesha, na maji ya jaruba huteremka mtoni ambako akina mama huchota na kufulia.

Hata serikali zinapolazimika kunyunyiza dawa ya fenthioni juu ya makundi makubwa ya kwelea, imeonekana mara nyingi kwamba bundi, mwewe na vipanga hufa kwa kuwala ndege wanaokata roho. Na hao ndio polisi wa ndege na wa panya. Ukiwamaliza polisi, usishangae wezi wakiongezeka.

Dunia ina somo kubwa kuliko yote juu ya jambo hili. Mwaka 1958 China ilitangaza vita dhidi ya viumbe wanne: panya, inzi, mbu na shomoro. Wananchi walipiga masufuria kutwa kucha ili shomoro wasipate kutua, mpaka wakaanguka kwa uchovu. Shomoro waliangamia kwa wingi mno, na kwa kuwa hao pia walikuwa wakila wadudu, wadudu wa mashambani walipata uhuru. Hasara ya mazao iliongezeka katika miaka ileile ambayo njaa kubwa iliikumba nchi, njaa iliyokuwa na sababu nyingi, nayo hiyo ikiwa mojawapo. Mwaka 1960 shomoro alifutwa katika orodha ya maadui, na nafasi yake akapewa kunguni.

Rwanda nayo imeonja ukali wa mdudu asiye na wa kumzuia. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, waliotokea mabara ya Amerika, walipoingia katika mahindi, hata wanajeshi walitoka kambini kuwasaidia wakulima kuwaokota kwa mikono. Nchi inayohitaji askari wa kuokota viwavi haiwezi kumdharau ndege anayeifanya kazi hiyo bila kuamrishwa.

LA KUFANYA NYUMBANI NA SHAMBANI

Je, mkulima aache mpunga wake uliwe kwa sababu inyamanza ni ndege mwema? Hasha. Yapo mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, majirani wa bonde moja wapande na wavune kwa pamoja. Shamba lililotangulia peke yake au kuchelewa peke yake hubeba mzigo wa ndege wa bonde zima. Mashamba yakiiva pamoja hasara hugawanyika, na siku za hatari huwa chache.

Pili, nguvu ya kuamia iwekwe palipo na haja, yaani tangu punje zinapojaa maziwa hadi kukomaa, na hasa asubuhi mapema na alasiri, saa ambazo ndege hula sana. Watu wazima wa nyumba kadhaa wapeane zamu. Kuamia kusiwe sababu ya mtoto kukosa darasa, kwani mpunga uliookolewa kwa kumnyima mtoto elimu umeokolewa kwa bei ghali.

Tatu, majani na magugu ya kando ya majaruba yapunguzwe. Mbegu za magugu ndizo zinazowaita ndege walao nafaka kabla mpunga haujawa tayari, nao wakishazoea mahali hawaondoki upesi.

Nne, wenye mizabibu au miti michache ya matunda uani watumie nyavu au wafunike vichala kwa mifuko ya karatasi wakati wa kuiva. Kinga ya siku chache hutosha, na baada yake ndege aachiwe njia aendelee na viwavi.

Tano, kilimani ambako kuna kahawa, miti ya kivuli iachwe isimame. Umuvumu, umuko na umusave ni miti ambayo wazee wa Rwanda waliipanda kwa maana zao, na ndege huipenda. Mti mkavu wenye matundu usiharakishwe kuwa kuni iwapo haumwangukii mtu, kwani huenda ndiyo nyumba ya mlinzi. Pasipo na mti wa namna hiyo, kisanduku cha mbao chenye tundu la kiasi cha vidole vitatu, kilichotundikwa juu mahali ambapo paka hafiki, ni kazi ya jioni moja.

Sita, dawa ya wadudu itumike kwa ushauri wa bwana au bibi shamba, kwa kipimo kilichoandikwa, wala isinyunyizwe mibuni inapochanua na nyuki wako kazini. Dawa isiyo na jina wala maelezo isiletwe nyumbani hata kidogo. Na ndege aliyeokotwa amekufa asiliwe, asiuzwe, wala asipewe mbwa.

Saba, watoto wafundishwe majina ya ndege. Anayemjua mtu kwa jina huchelewa kumrushia jiwe.

MWISHO WA KISA

Katika ile nyumba ya Ruhwa mazungumzo yalifika usiku. Bibi hakuwa na takwimu za California wala za Kilimanjaro. Alimwuliza mwanawe swali moja tu.

"Mwanangu, ukimwaga hiyo dawa pembeni ya jaruba, kuku wangu utawafunga kamba wote? Na huyu mtoto, utamfunga wapi?"

Baba alikaa kimya kitambo. Kisha alisema, "Mama, deni bado lipo."

"Lipo," Bibi alijibu. "Kesho nitaamka mimi kuamia zamu ya alfajiri. Usingizi wa mzee si mwingi."

Asubuhi ile pakiti ilipelekwa kwa bwana shamba, ikiwa imefungwa kama ilivyonunuliwa, ili aseme iharibiwe vipi, maana sumu haitupwi mtoni wala haizikwi nyuma ya nyumba. Jirani wawili walikubali kuingia katika zamu. Minana walikuja kama kawaida yao, wakafukuzwa kwa madebe, wakarudi, wakafukuzwa tena. Msimu ule sehemu ya mpunga ililiwa, na sehemu iliyo kubwa ilifika ghalani.

Kijana hakunyang'anywa manati yake. Aliambiwa tu kwamba kabla ya kuvuta mpira, ataje kwanza jina la ndege aliye mbele yake, na kile anachokula. Siku ya tatu alirudi nyumbani na mikono mitupu na malalamiko tele: kila alipomaliza kukumbuka jina, ndege alikuwa amekwisha kuruka. Inyamanza mwingine alikuwa uani akitembea katikati ya kuku, akitikisa mkia, akiokota inzi mmoja baada ya mwingine karibu na mlango wa jiko.